Herufi na Maana: Je, Aliyelipanga Neno Amelijua?

Tangu zamani wanadamu wamecheza kwa maneno kama walivyocheza kwa kete, kwa ngoma na kwa mishale. Hata hivyo, mchezo wa maneno haufanani na michezo mingine yote. Kete ya bao haina kazi nje ya bao. Bali neno lina maisha yake kabla ya kuingia mchezoni na baada ya kutoka humo. Basi mtu anapolichukua neno akalichezea, yafaa tujiulize amechukua nini. Je, amechukua herufi zake tu, au amechukua pamoja nazo kile kitu ambacho neno hilo linakitaja? Na mtu aliyeweza kulipanga neno pasipo kosa, lakini hajui linataja nini, aweza kusema kwa haki kwamba analijua? Swali hili huenda likaonekana kuwa la wataalamu wa lugha peke yao. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba ni swali la maadili, na kwamba linatuhusu sana sisi walimu na wanafunzi.

Nimechagua kulijadili kwa kuitazama michezo ya Kiingereza ambayo mchezaji hutakiwa kutafuta maneno yenye herufi fulani, kwa kuwa ndimo swali lenyewe linamojitokeza waziwazi. Watu wa Uingereza na Marekani wameipenda michezo hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1879 Lewis Carroll, mwandishi aliyekuwa pia mwalimu wa hisabati huko Oxford, aliwatolea wasomaji wa gazeti mchezo wa kugeuza neno moja kuwa jingine kwa kubadili herufi moja moja, na kila hatua sharti iwe neno kamili. Tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, alichapisha katika gazeti la New York World fumbo la maneno ambalo huhesabiwa kuwa mwanzo wa mafumbo ya miraba tunayoyaona magazetini hadi leo.

Mchezo uliovuma kuliko yote ulizaliwa katika dhiki. Katika miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoanguka, msanifu majengo mmoja aitwaye Alfred Butts alikosa kazi. Akaketi na magazeti, akahesabu ni mara ngapi kila herufi hutokea katika maandishi ya Kiingereza, kisha akagawa vipande na alama kwa kadiri ya hesabu yake. Herufi E, ambayo hutokea mno, ikapata vipande 12 vyenye alama moja moja. Herufi Q na Z, ambazo ni adimu, zikapata kipande kimoja kimoja chenye alama 10. Herufi S, inayotia majina mengi ya Kiingereza katika wingi, aliibana ikawa na vipande 4 tu, ili mchezo usiwe rahisi kupita kiasi. Mwaka 1948 mshirika wake, James Brunot, aliupa mchezo huo jina la Scrabble, nao ukaenea duniani.

Mchezaji hushika vipande saba, naye hutakiwa kuunda neno juu ya ubao wenye miraba 15 kwa 15. Mwanafunzi asiyeuzoea mchezo hutazama vipande vyake akingoja neno limjie lenyewe. Mzoefu hafanyi hivyo. Yeye huzipanga herufi kwa utaratibu, hutenga viambishi kama vile ING, ED, RE na UN, hupima irabu ngapi anazo na konsonanti ngapi, kisha hupekua akilini mwake orodha alizojifunza: maneno ya herufi mbili, maneno yenye irabu tupu au karibu tupu, maneno yenye Z. Yapo pia maneno yenye Q isiyofuatwa na U. Kwa desturi ya Kiingereza herufi hizo mbili huandamana, basi aliyeshika Q bila U ni kama mtu mwenye mzigo asio na pa kuutua. Orodha ndiyo inayomwonyesha pa kuutua.

Hapa sina budi kusimulia jambo lililonipata. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari ya bweni. Tulikuwa na sanduku moja la mchezo huo. Vipande viwili vilikwisha kupotea, nasi tukavikata vingine kwa karatasi ngumu. Kila Jumamosi jioni wanafunzi walikusanyika katika bwalo la chakula kushindana, nami nilikuwa mwamuzi. Alikuwapo kijana wa kidato cha tatu, mzaliwa wa milima ya Same, mwenye daftari ambalo halikumtoka mkononi. Humo alikuwa amenakili maneno safu baada ya safu, pasipo hata neno moja la maelezo kando yake. Siku ya fainali alishindana na msichana wa darasa lake. Mchezo ulipokaribia kwisha, msichana akiwa mbele kwa alama chache, kijana aliweka ubaoni herufi tatu: Q, A na T. Lilikuwa neno halali, lenye alama 12, nalo likampa ushindi.

Msichana hakulipinga. Aliuliza tu kwa Kiswahili, "Hiyo qat ni nini?"

"Ni neno," kijana akajibu.

"Neno la kutaja nini?"

"La alama kumi na mbili."

Bwalo zima likacheka, nami nikacheka nao. Msichana akanigeukia akasema, "Mwalimu, naomba basi utuambie wewe." Nikamwamuru akae, nikamweleza kwamba kanuni hazidai maana na kwamba muda umekwisha. Jumatatu asubuhi nilimsifu kijana mstarini mbele ya shule nzima, nikampa daftari na kalamu kuwa zawadi yake.

Jioni ya siku hiyo nilifungua kamusi. Qat ni mirungi: yale majani yanayotafunwa ili kufukuza usingizi, ambayo ndugu zetu wa Kenya huyaita miraa, na ambayo kwetu Tanzania yamekatazwa na sheria. Jina lenyewe Waingereza walilipata kwa Waarabu. Na mmea huo huota katika milima ileile alikozaliwa kijana wangu. Alikuwa ameuona tangu utotoni, na yamkini aliwajua wazee na vijana wa kijijini kwao waliosumbuliwa nao. Kitu alikuwa nacho, na herufi alikuwa nazo, lakini baina ya kitu na herufi hapakuwa na daraja. Nami niliyekuwa nikilipwa mshahara ili nilijenge daraja hilo, ndiye niliyemkalisha chini mtu pekee aliyelitafuta. Tena sina budi kukiri zaidi ya hapo: nilipomwambia msichana akae, mimi mwenyewe sikuijua maana ya neno lile. Nilijificha nyuma ya kanuni.

Labda msomaji atasema kwamba nalikuza jambo dogo, kwa kuwa mchezo ni mchezo tu. Hoja hiyo ina nguvu, na mfano wake mkubwa ni huu. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand, aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, alishiriki mashindano ya ubingwa wa dunia kwa Kifaransa yaliyofanyika Ubelgiji. Kifaransa hakuwa akikizungumza. Alikuwa ametumia takriban wiki tisa kujifunza orodha ya maneno yake, akayaweka kichwani kama maumbo ya herufi. Akashinda. Mwaka 2018 akashinda tena kwa Kifaransa, na mwaka 2024 akatwaa ubingwa kwa Kihispania huko Granada, lugha nyingine asiyoizungumza. Katika fainali ya mwaka 2015 aliyeshindwa naye alikuwa mchezaji wa Gabon, nchi ambayo Kifaransa ni lugha ya shule na ya serikali. Tazama ajabu hiyo: Mwafrika aliyesomeshwa kwa lugha ile alishindwa na mtu ambaye hakuweza kuizungumza.

Je, Richards alimdhulumu mtu? La hasha. Kanuni zilimtaka apange maneno halali, naye aliyapanga. Hakudai kamwe kwamba anakijua Kifaransa. Kumbukumbu yake, subira yake na unyofu wake ni mambo ya kusifiwa. Vivyo hivyo hatuna sababu ya kuubeza mchezo wenyewe. Mwaka huohuo wa 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alipata ubingwa wa dunia kwa Kiingereza huko Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kuupata, na furaha ya Waafrika wengi ilikuwa ya haki.

Iko hoja nyingine ya kuzitetea herufi, nayo yatoka katika desturi zetu za pwani. Watoto wengi wa chuoni walianza kwa kuzitambua herufi za Kiarabu na kusoma kwa sauti maneno ambayo hawakuyafahamu, na jamii haikuona kwamba wanapoteza wakati. Kuhifadhi kwaweza kutangulia kuelewa. Naikubali hoja hii, lakini tuitazame vema. Mtoto yule hakuambiwa kwamba kwa kusoma tu amekwisha kuwa mwanachuoni. Alijua, na mwalimu wake alijua, kwamba mbele yake iko elimu ya tafsiri, na kwamba herufi ni mlango tu. Tofauti haiko katika kuhifadhi, bali katika kusema kweli juu ya kile kilichohifadhiwa. Aliyehifadhi akasema, "Maana bado sijaifikia," huyo yu njiani. Aliyehifadhi akadhani amefika, huyo amepotea hali amesimama mlangoni.

Sasa tulichunguze neno lenyewe. Katika orodha ya maneno ya Collins, inayotumiwa katika mashindano mengi ya kimataifa ya mchezo huu, yamo maneno zaidi ya 250,000. Humo yamo pia maneno ya Kiswahili ambayo waandishi wa Kiingereza waliyachukua: safari, uhuru, mzee, harambee, ujamaa. Mchezaji wa London au wa Sydney aliyejaa irabu mkononi hufurahi kulikumbuka neno ujamaa, kwa kuwa humwondolea herufi A tatu na U moja kwa mara moja. Thamani yake ni alama 15. Neno mzee nalo lina thamani hiyohiyo ya alama 15, kwa ajili ya ile Z. Kwa sheria ya mchezo maneno haya hutiwa katika wingi kwa kuongezewa S, yakawa ujamaas na mzees. Masikio yetu hushtuka, lakini ubao haushtuki.

Sisemi haya kwa kulalamika kwamba tumeibiwa. Lugha zote hukopeshana, na Kiswahili chenyewe kimekopa kutoka kwa Waarabu, Wareno, Wahindi, Wajerumani na Waingereza bila kuona haya. Nasema haya ili tuone jinsi neno linavyokuwa likivuliwa maana. Watu walihama makwao kwa ajili ya neno ujamaa, wakalima pamoja, wakabishana, wengine wakalipenda na wengine wakalichukia. Katika neno mzee mna salamu, mna kupishwa kiti, mna haki ya kusikilizwa kwanza. Ubaoni yote hayo yamelingana, kwa kuwa kila moja ni alama 15. Alama za mchezo hazikosei, ila hazikuwekwa kupima jambo hilo. Kosa huanza pale mtu anapodhani kwamba kipimo cha alama ndicho kipimo cha neno.

Kiswahili chenyewe chatupa ushahidi mwingine. Tukilichukua sanduku la Kiingereza tujaribu kuchezea Kiswahili, tutaona upesi kwamba vipande 9 vya herufi A havitoshi, kwa kuwa irabu hiyo imejaa katika maneno yetu. Q na X hazina kazi katika tahajia yetu. Na C haitembei pasipo H. Kisha twaja kwenye ugumu ulio mkubwa zaidi. Katika kitenzi soma mna somea, someka, somesha, somewa. Na kila kimoja hupokea viambishi vya nafsi na vya wakati. Neno hawakutusomesha ni neno moja, lina herufi 15, laweza kuijaza safu nzima ya ubao toka ncha hadi ncha. Nalo pia ni sentensi kamili, yenye watu waliotakiwa kutenda, watu waliotakiwa kutendewa, wakati uliopita, na lawama. Nani atamaliza kuandika orodha ya maneno ya namna hiyo? Mtu hayahifadhi moja moja kama kete. Huyaunda papo hapo kwa kuwa ana jambo la kusema. Orodha ni kivuli cha lugha, nacho kivuli hufuata mwili.

Wazee wetu nao walikuwa na michezo ya maumbo. Vijana wa mwambao walicheza kinyume, wakizipindua silabi ili wasieleweke na wageni, maji yakawa jima. Lakini hata hapo msikilizaji sharti airudishe maana mahali pake, la sivyo mchezo haupo. Na katika vitendawili, anayeshindwa kufumbua hutoa mji. Hawezi kuukomboa mji wake kwa kuhesabu herufi. Sharti ajue yai ni nini ndipo aielewe nyumba isiyo na mlango. Mchezo wa kigeni hauna aibu kwa kutokuwa kitendawili. Tuliloachiwa sisi katika kitendawili ni kumbukumbu kwamba neno ni njia ya kuufikia ulimwengu.

Hapa ndipo swali letu linapoingia darasani. Katika shule zetu za sekondari masomo mengi yamekuwa yakifundishwa kwa Kiingereza, kwa wanafunzi ambao wengi wao walitoka shule za msingi wakiwa na Kiswahili. Kila mwalimu amewahi kumwona mwanafunzi anayeandika ubaoni, bila kukosa herufi hata moja, jina la Kiingereza la namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ukimtoa nje ukamwonyesha mwembe ulio mbele ya darasa, ukamwuliza unakula nini na wakati gani, hunyamaza. Ana herufi, na mwembe anao, lakini daraja hana. Mtihani humpa alama zake, nasi twampongeza. Je, tofauti yake na kijana wa mirungi iko wapi? Iko hapa tu: yule alikuwa akicheza naye alijua anacheza, huyu huambiwa kwamba anasoma. Richards hakumdanganya mtu, bali shule iendayo namna hiyo humdanganya mtoto juu ya nafsi yake.

Tena siku hizi kazi ya kutafuta herufi imepata mfanyakazi asiyechoka. Programu ndogo ya kompyuta ikipewa herufi saba hutoa maneno yote yanayowezekana kabla mtu hajapepesa jicho, wala haihitaji wiki tisa. Kama kulijua neno ni kuzijua herufi zake, basi mashine imekwisha kutushinda, na hatuna sababu ya kuwapeleka watoto shuleni. Lakini mashine hiyo haikuwahi kumpisha mzee kiti, wala haikupata kuketi na jirani aliyekosa usingizi kwa sababu ya mirungi. Lililobaki kwa binadamu ndilo lililokuwa lake tangu awali, yaani kujua neno linamfikisha kwa nani na kwenye nini.

Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kusimama tena mstarini. Niliwaambia wanafunzi kwamba kijana alishinda kwa haki na zawadi ni yake. Kwamba msichana aliuliza swali lililokuwa bora kuliko jibu langu. Na kwamba siku ile mimi sikuijua maana, nikaona aibu kusema sijui. Palikuwa kimya. Sikumbuki kama kuna jambo lingine nililofundisha katika shule ile lililosikilizwa kwa makini kama hilo.

Baada ya hapo tulijaribu kuweka sharti kwamba neno lisihesabiwe mpaka mchezaji aeleze maana yake. Sharti hilo halikufaa. Mchezo ulikokota miguu, wengine wakaacha kuja. Tukaurudisha mchezo katika kanuni zake, ila ubao ukabaki mezani nusu saa baada ya mchezo kwisha. Kila mmoja alichagua neno ambalo hakulifahamu, hata kama aliliweka yeye mwenyewe, nasi tukalitafuta katika kamusi, kisha tukaulizana kwa Kiswahili kitu hicho kwetu chaitwaje na ni nani aliyepata kukiona. Kijana wa Same alikuja na daftari lake. Upande wa kulia wa kila ukurasa ulikuwa mweupe, naye akaanza kuujaza, akianzia na mirungi.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tusiwakataze vijana kucheza kwa herufi, wala tusiwaonee haya wale wanaohifadhi. Tuwafundishe kuwa na uaminifu wa mchezaji anayejua kuwa anacheza. Nanyi wanafunzi, mkiulizwa maana ya neno mliloliandika vizuri nanyi hamuijui, msijibu kwa alama. Semeni, "Sijui, tulitafute." Na akitokea miongoni mwenu mmoja wa kuuliza neno lataja nini, hata ikiwa muda umekwisha na watu wanacheka, asiwepo wa kumwambia akae.